Mkono Usiojitaja

Hapa Koboko, mpakani mwa Uganda, mtu akitaka kucheza na kipofu hahitaji kununua kitu. Anakuja, anamshika mkono, anaufinya kidogo, kisha ananyamaza. Kipofu akiuliza ni nani, mtu huyo anacheka puani na kumrudishia swali: "Mimi nani?" Ndivyo wanavyonisalimia tangu surua iliponila macho nikiwa mtoto, wakubwa kwa wadogo, wanaotoka kanisani na wanaotoka msikitini. Hawaoni ubaya wowote. Wanadhani ni mapenzi, na ukishindwa kubahatisha jina wananuna, kana kwamba wewe ndiye uliyewasahau.

Bingwa wa mchezo huo ni mjomba wangu, mdogo wake mama, anayeuza tumbaku sokoni. Mjomba anaweza hata kuzuia pumzi. Hajui kwamba tumbaku yake hufika kabla yake, na sijawahi kumwambia, maana akijua ataanza kuoga. Namwacha asubiri na mkono wangu mkononi mwake, kisha namtajia mtu anayemchukia kuliko wote. Huondoka akitukana. Jirani mmoja aliyependa kunifinya vidole nilimwambia mbele ya wateja kwamba bila shaka yeye ndiye yule aliyerudishwa na mumewe kwao Kuluba kwa sababu ya mdomo. Tangu siku hiyo hunisalimia kwa kutanguliza jina lake lote. Watu husema nina ulimi mbaya. Ni kweli, na nimeunoa mwenyewe.

Lakini kabla sijaunoa nilikuwa na mama. Mama ni mtu wa Adumi, upande wa Arua, aliyeolewa na askari wa huku, na kwa kuwa kabila lake na la baba hayakuwa moja, nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili cha kambini. Baba alikufa, Kiswahili kikabaki. Hiki ninachoandikia nilikipata shule ya bweni na redioni, na mama hukiita Kiswahili cha watu wanaokula kwa uma. Tulipokuwa tumekaa sokoni na beseni letu la njugu za kusaga, mama alikuwa na kazi moja zaidi ya kuuza: kuharibu mchezo wa watu. Alikuwa akiwaona wakija kwa mbali, na kabla hawajanyoosha mkono alikuwa ameshatangaza kwa sauti kubwa.

"Mjomba yako iko nakuja na ile mdomo yake."

"Bibi ya mwalimu iko hapa. Leo amevaa viatu ya mutu mwingine."

Watu walikuwa wakimlaumu kwamba anaharibu utamu. Mama aliwajibu kwamba utamu waende wakautafute kwa wake zao. Nilikuwa nikisikia maneno hayo na kujua kwamba hakuna mkono utakaonigusa bila mwenyewe kutajwa, na kwa miaka mingi sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kisha akaacha. Sikumbuki siku yenyewe, kwa sababu kitu kinachokoma hakipigi hodi. Nilishtukia tu kwamba watu wananishika tena mikono na kunyamaza, na mama yuko hapo hapo pembeni yangu, naye amenyamaza. Mjomba alirudi kwa nguvu zote. Nilimwuliza mama kwa nini hasemi tena. Akasema, "Wewe mutu mzima sasa. Jua watu yako mwenyewe."

Hilo lilinichoma. Kukawa na mengine. Kazi yetu imegawanyika hivi: mama anakaanga njugu, mimi natwanga. Yeye alikuwa akiangalia rangi, mimi nikinusa, na tulikuwa hatukosei. Sasa njugu zikawa zinaungua. Nilikuwa nikisikia harufu ikigeuka na kungoja aitoe sufuria, naye hatoi mpaka nimwambie.

"Mama, hii njugu naungua."

"Moto ya leo iko mbaya."

Moto wa kila siku ulikuwa mbaya. Na njiani hakunionya tena. Zamani alikuwa akisema mtaro, jiwe, mbuzi. Sasa nilikuwa nikijikwaa na yeye akijikwaa nami, akinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zinaingia, halafu ananigombeza kwa kutembea ovyo. Nikafanya hesabu yangu, nikapata jibu moja: mama amenichoka. Amembeba kipofu tangu ujana wake mpaka uzeeni, na sasa anataka nihisi uzito huo. Anaunguza njugu kwa hasira na ananiacha nijikwae kwa hasira. Sikulia. Mimi hulipiza.

Nafasi ya kulipiza ilikuja kwa redio. Walitangaza shindano la mawazo litakalofanyika Arua, wazi kwa kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Ulitakiwa ulete wazo la kuwasaidia vipofu, au la kuwasaidia watafiti wa magonjwa ya macho, ulieleze mbele ya watu, na majaji wachague. Mratibu wake, binti mmoja kutoka Kampala, alipita Koboko kutafuta vipofu wa kushiriki. Alisema bila kuficha kwamba shindano kama hilo bila kipofu hata mmoja jukwaani litaonekana vibaya kwenye picha. Nilimpenda kwa ukweli wake. Nikamwambia wazo langu: mtu yeyote anayemsalimia kipofu ataje jina lake kwanza, ifundishwe shuleni, itangazwe makanisani na misikitini, na asiyefanya hivyo aonwe kama mtu asiye na adabu.

Mratibu alifikiri kidogo. "Ni zuri," akasema, "lakini haliwezi kuwekwa kwenye simu?"

"Linawekwa kwenye mdomo," nikamwambia.

Akaniandikisha. Mama alikubali kunisindikiza, ingawa kwa shingo upande. Nilidhani ni uchovu ule ule.

Ukumbi wa Arua ulikuwa mkubwa, wenye vipaza sauti vilivyokuwa vikilia kama nguruwe kila mara mtu alipovikaribia. Mambo yaliendeshwa kwa Kiingereza, na kijana mmoja akatafsiri kwa Kilugbara na Kiswahili. Mama alichukua muda mrefu kutafuta viti, akigonga magoti ya watu na kuwaambia wakusanye miguu yao. Tulipoketi aliniambia tuko mbele. Kumbe tulikuwa katikati, na mratibu akaja kutuhamisha.

Mawazo yalianza. Mtu mmoja mwenye duka huko Inde alitaka vipofu wote wavishwe nguo za manjano na kengele shingoni, ili waendesha bodaboda wawakwepe. Alipigiwa makofi ya haja. Nilijiuliza kama tutachungwa pia. Mwanamke mwingine alitaka vipofu wapewe kijiji chao, chenye ukuta, wasisumbuliwe na mtu. Mwanafunzi wa chuo alileta fimbo inayolia ikikaribia kitu, nayo ikalia bila kukoma kwa sababu ukumbi ulijaa watu. Kisha akaja kijana anayesomea udaktari. Yeye alitaka watu wapige picha za macho yao kwa simu na kuzituma kwa watafiti, ili mashine ijifunze kutambua ugonjwa mapema. Alisema kuna magonjwa yanayoiba macho pole pole, bila maumivu, na mwenyewe hajui mpaka mlango umefungwa. Hasa kwa wazee, alisema. Ukumbi ulimshangilia. Mama hakupiga makofi, alikuwa ameshika upindo wa gauni langu.

Zamu yangu ikafika. Mratibu alinipandisha jukwaani mwenyewe. Nilieleza wazo langu, nikaeleza na mchezo wa mimi nani, na ukumbi ukacheka kwa sababu kila mmoja alijitambua. Mwingine angechekewa hivyo angeishia hapo. Mimi nilikuwa sijafika kwenye neno lililonileta.

"Nyumbani iko mutu mmoja alikuwa naambia mimi nani nakuja," nikasema kwenye kipaza sauti. "Mama yangu. Yule iko pale mbele. Sasa ameacha. Ananyamaza tu, watu nacheza na mimi, yeye nasikiliza. Kama mama yako mwenyewe anachoka, nani atasema jina? Ndiyo mimi nataka ikuwe sheria."

Watu waliguna. Lile guno lilielekea alipoketi mama, nikalisikia linavyomwendea, nikaridhika. Sitasema uongo. Lilikuwa tamu kuliko zawadi yoyote waliyokuwa nayo.

Jaji mmoja, daktari wa macho, mtu wa sauti nzito yenye upole, aliuliza sheria hiyo ingesimamiwa na nani. Nikasema na watu wenye aibu. Akacheka, akaandika, nikashushwa.

Mama alinivutia kitini kwa nguvu. Alikuwa akipumua kwa pua.

Baada ya hapo mratibu alitangaza mchezo wa kuchangamsha ukumbi. Majaji wangefungwa vitambaa machoni, waongozwe kutoka jukwaani mpaka kwenye meza ya chai na kurudi, wajue kipofu anavyoishi. Huwa wanafanya hivyo kila mahali. Mtu mzima anafungwa kitambaa kwa muda wa kunywa chai, anapapasa, anacheka, kisha anasema sasa ameelewa. Mratibu akauliza nani ataongoza.

Nikasikia kiti cha pembeni yangu kinasogea.

"Mimi," mama akasema. "Mimi naongoza mutu haoni tangu wewe bado kuzaliwa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nilimwelewa papo hapo. Nilikuwa nimempaka matope mbele ya Arua nzima, na alikuwa anakwenda kujisafisha mbele ya Arua hiyo hiyo. Mratibu alimpeleka jukwaani, akamkabidhi yule daktari wa macho, tayari amefungwa kitambaa. Nilisikia mama akimwambia, "Daktari, shika hapa, nyuma ya mkono. Usivute." Maneno ambayo alinifundishia kutembea.

Hatua zao zilianza vizuri. Jukwaa lilikuwa la mbao na nilisikia viatu vya daktari na kandambili za mama vikienda pamoja. Kisha nikasikia kwamba hawaelekei ngazi. Nilikuwa nimepanda ngazi hizo muda mfupi tu uliopita na nilijua ziko wapi. Mama alikuwa akienda kulia, kwenye ukingo, kwa uhakika kabisa, akisema, "Twende, twende, njia iko sawa."

Walianguka wote wawili. Jukwaa halikuwa refu. Daktari aliangukia goti, mama aliangukia meza ya chai, na vikombe vikaenda chini kimoja baada ya kingine.

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka vile. Watu walivunjika mbavu. Walidhani mama amefanya makusudi, kwamba ndio mzaha wa mchezo, mwongozaji naye anajifanya kipofu. Walipiga miguu sakafuni. Na mama, akiwa bado chini kati ya vikombe, alipaza sauti: "Ni mchezo. Mulisema mucheze." Wakashangilia zaidi. Mratibu alisema kwenye kipaza sauti kwamba hayo ndiyo makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo, na kwamba ni bahati mbaya tu kuwa kuanguka kule hakukuwa wazo la shindano.

Mimi nilibaki nimekaa. Njugu zilizoungua, mtaro, kucha zake mkononi mwangu, kimya chake sokoni, vyote vilikuja na kukaa mahali pake. Hakuwa amenichoka. Alikuwa haoni.

Nilipapasa mpaka kwenye meza ya chai. Daktari alikuwa amevua kitambaa na alikuwa amecheka pamoja na watu, kisha akaacha. Nilisikia akimwomba mama amwangalie usoni, akimwuliza vidole vyake viko wapi. Mama akamwambia vidole vyake viko mkononi mwake. Daktari hakucheka. Akasogea karibu, akamulika kwa simu, akauliza tangu lini.

"Siku nyingi," mama akasema. "Ile watu ya macho walikuja Koboko, waliambia mimi iko presha ya macho. Walinipa dawa ya kutonya machoni. Ikaisha. Walisema niende hospitali, nipasuliwe, nilale kule."

"Kwa nini hukwenda, mama?"

"Na huyu nani atakaa naye?"

Huyu nilikuwa mimi. Daktari alizima taa ya simu. Kisha akasema kwa ule upole wake kwamba kwa ugonjwa huu kilichokwenda hakirudi. Angekwenda wakati ule wangekuwa wameyaokoa macho yote mawili. Sasa limebaki jicho moja, nalo linaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mama akimfuata hospitalini watajaribu kukilinda hicho kilichobaki. Alikuwa bado anaeleza alipoitwa jukwaani kumtangaza mshindi. Akaomba radhi, akaenda akichechemea. Mshindi alikuwa yule kijana wa picha za macho. Daktari alimsifu sana, akasema wazo lake litawafikia wazee kabla hawajachelewa.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza mama huku makofi yakiendelea.

"Niseme, watu waseme nini? Kipofu ameambukiza mama yake. Ile nyumba iko na kitu. Hapana. Mimi nilijua watu kwa sauti, sawa na wewe. Nilikuwa nangoja waseme." Akajipangusa chai. "Na wewe umesema mimi nachoka."

Nilikuwa na hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani. Kama angekwenda kupasuliwa ningekaa na jirani, na mjomba, na hata peke yangu. Ningejikwaa, ningeishi. Hakuniuliza. Alinipa macho yake bila kuniuliza kama nayataka, na mimi sina hata pa kuyaweka.

Nje watu walikuwa wakitoka na kutupongeza. Waliokuja kutoka Koboko walikuwepo pia, tulisikia lugha zetu. Walikuwa wakimsifu mama kwa kuchekesha. Kisha mtu mmoja akaja na hakusema neno. Nilijua kwa sababu mkono wa mama, niliokuwa nimeushika, ulisogea kidogo kisha ukasimama. Alikuwa ameshikwa mkono mwingine. Alikuwa anangoja. Kimya kile nakijua kuliko ninavyojua jina langu.

"Sema jina yako," nikamwambia mtu huyo, kwa sauti ile ile niliyotumia jukwaani. "Mama yangu haoni."

Mazungumzo yaliyotuzunguka yalikatika. Mtu huyo akajitaja, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyewahi kununua njugu zetu, akasema pole, pole sana. Mtu mwingine nyuma yake akarudia kwa Kikakwa, lugha ya kwetu Koboko, kwa mshangao, kwamba hata mama haoni. Nikasikia habari ile ikiondoka kwa miguu yake yenyewe.

Mama alitoa mkono wake mkononi mwangu.

"Wewe hapana semea mimi tena," akasema. "Sikia. Mutu akinishika, wewe nyamaza. Hata kama mimi nakufa, wewe nyamaza."

"Sawa, Mama."

Tulipanda gari la kurudi. Lami kutoka Arua mpaka Koboko ni nzuri, gari halikuturusha hata kidogo, na ningependa lingeturusha.

Habari ilitutangulia. Asubuhi yake tulikwenda sokoni kama kawaida, yeye ameshika beseni, mimi nimemshika yeye, na sote tunajua sasa jinsi tunavyokwenda. Watu walikuwa wakishusha sauti tulipopita. Alipoketi mama aliweka vizuri nguo yake, akapangusa midomo, akanyoosha mgongo. Jirani wa Kuluba alikuja kwanza, akajitaja jina lake lote, kwangu na kwa mama. Nilimshukuru moyoni, mwanamke niliyemtukana.

Kisha tumbaku ikafika.

Mjomba hakunigusa mimi. Nilisikia viatu vyake vikinipita na kusimama mbele ya dada yake. Akamshika mkono. Akazuia pumzi. Na watu wa meza za karibu, waliojua tayari, wakaanza kuchekea chini chini, kwa mapenzi, kama walivyonichekea mimi maisha yangu yote.

"Mimi nani?" mjomba akauliza, akiwa amebadili sauti.

Mama hana pua yangu. Moshi wa kukaanga uliimaliza yake zamani. Nilingoja amtukane. Mwanamke aliyewaambia watu wakatafute utamu kwa wake zao alikuwa na neno moja tu la kusema, na soko lote lingenyamaza.

"Ni mzee wa kanisa?" mama akasema, kwa adabu.

Wakacheka. Mjomba akamfinya mkono, ajaribu tena.

"Basi ni baba ya yule mwalimu. Samahani. Au ni wewe, jirani yangu ya zamani? Niambie kidogo tu."

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa ikiomba. Jina la mjomba lilikuwa limejaa mdomoni mwangu, pamoja na matusi yake yote, na mama alijua kwamba ninamjua. Aligeuza uso kuja upande wangu, nilisikia kitambaa chake kikigusa bega, akangoja. Kisha nadhani alikumbuka alichoniagiza, maana aligeuka tena.

"Ni mutu ya Adumi?" akauliza.

Nilishika mchi, nikaendelea kutwanga, nikanyamaza.